Seremala wa Tabora, faida iko kwenye ubao mkavu

MLANGO wa nakshi katika Tembe la Livingstone, Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, unaonyesha kuwa useremala si kazi ngeni katika mji huu. Misafara ya kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipumzika hapa, na Livingstone mwenyewe alikaa Kwihara mwaka 1872 akisubiri wapagazi.

Kwa mkulima au mtumishi anayeshika randa jioni kwa kupenda tu, au kwa kujiongezea kipato, adui mkubwa ni ubao mbichi. Husinyaa baada ya kazi kukamilika. Viungo hulegea, mlango hupinda na mteja harudi.

Mninga una sifa njema: hausinyai sana na kiini chake hakiliwi kirahisi na mchwa. Lakini hukauka polepole. Mti wenyewe huchukua miongo ya miaka kufikia ukubwa wa kupasuliwa mbao, huku miombo ikipungua kwa mashamba mapya, mkaa na kuni za kukaushia tumbaku. Kuharibu ubao ni kutupa fedha.

Mbinu za kukausha ni rahisi. Panga mbao kivulini, juu ya magogo, mbali na udongo. Kati ya safu na safu weka vijiti vya unene mmoja, kimoja juu ya kingine, hewa ipite. Anza kiangazi, kabla ya mvua za Novemba.

Ncha za ubao hupoteza maji haraka, ndiyo maana hupasuka. Zipake rangi au nta siku ile ile ya kupasua. Nta ya nyuki inapatikana Tabora. Iyeyushe katika kopo lililowekwa ndani ya maji ya moto, kwani ikiwekwa motoni moja kwa moja huweza kuwaka.

Utajuaje umekauka? Chagua ubao mmoja, upime kwenye mizani kila wiki na uandike uzito. Usipopungua kwa wiki tatu mfululizo, anza kazi.

Mizani na daftari vinaweza kutumiwa na mafundi watano wa mtaa mmoja. Atakayepata hasara awaeleze wenzake sababu, ili kosa moja lisilipiwe mara tano. Na mnaponunua mbao, daini risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Ubao usio na karatasi unaweza kukamatwa, mkapoteza mbao na fedha.