Saratani ya Kibofu cha Nyongo: Matundu Madogo au Kufungua Tumbo?

Wagonjwa wengi wanaoondolewa kibofu cha nyongo huwa wanaugua mawe ya nyongo, si saratani. Hata hivyo, mara nyingine kibofu hicho kikipimwa kwenye maabara baada ya upasuaji, saratani hugunduliwa ikiwa bado changa. Hapo familia hujiuliza ni upasuaji upi unaofaa.

Kibofu cha nyongo ni kifuko kidogo kilicho chini ya ini, upande wa kulia wa tumbo. Kuna njia mbili za kukiondoa.

Kufungua tumbo

Daktari hupasua mkato mmoja mrefu, kwa kawaida chini ya mbavu za kulia. Huweza kuona na kugusa ini pamoja na tezi zilizo karibu. Mgonjwa huhisi uchungu zaidi, hulazwa siku nyingi zaidi na huchukua wiki kadhaa kabla ya kurejelea kazi nzito.

Matundu madogo

Daktari hutoboa matundu machache, kwa kawaida manne, kisha hupitisha kamera na vifaa vyembamba. Mbinu hii ilianza kutumika kuondoa kibofu cha nyongo nchini Ujerumani mwaka wa 1985. Uchungu hupungua na mgonjwa huenda nyumbani mapema.

Hatari ni kibofu kupasuka na nyongo kumwagika, kwani chembe za saratani zinaweza kusambaa tumboni au kuota kwenye matundu. Ndiyo maana kwa miaka mingi madaktari waliposhuku saratani walipendelea kufungua tumbo. Tafiti za hivi karibuni zinaonyesha kuwa kwa saratani changa, matokeo ya njia hizi mbili yanakaribiana, mradi daktari awe mzoefu na kibofu kitolewe kizima ndani ya mfuko maalum.

Kina cha saratani ndicho huamua

Saratani ikiwa kwenye utando wa ndani pekee, kuondoa kibofu kwa kawaida hutosha. Ikiwa imefika kwenye misuli ya ukuta wa kibofu au kuipita, mgonjwa mwenye nguvu za kutosha huhitaji pia kuondolewa sehemu ndogo ya ini na tezi za limfu, hata kama ni kwa upasuaji wa pili. Kazi hiyo hufanyiwa katika hospitali kubwa ya rufaa.

Kwa hivyo, usikae nyumbani kwa sababu kidonda kimepona. Rudi uchukue matokeo ya maabara, na umuulize daktari:

• Je, kibofu kilipelekwa maabara?
• Je, kilipasuka wakati wa upasuaji?
• Saratani imefika wapi?
• Je, nahitaji rufaa?

Ukiwa na maumivu ya mara kwa mara chini ya mbavu za kulia, macho ya manjano, mkojo mweusi au unakonda bila sababu, fika katika kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ambaye hajajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) anaweza kupiga *147#.