Vigari vya Redio: Njia ya Mashindano Iwe ya Udongo, Zulia au Lami?

Gari la waya tunalijua. Mtoto hulisukuma, nalo linakwenda. Huko Marekani, Ulaya na Japani wako watu wazima wanaoshindana kwa vigari visivyosukumwa. Kigari kina betri na mota. Mwenyewe husimama jukwaani, ameshika chombo mkononi, na chombo hicho hupeleka amri kwa mawimbi ya redio: kata kulia, ongeza mwendo, funga breki.

Tusicheke. Kigari cha kawaida kina urefu wa sentimeta 40 hivi na uzito wa kilo moja na nusu, lakini hukimbia kilometa 50 kwa saa na zaidi. Mwaka 1985 vigari vya umeme vya njia mbovu vilipata mashindano yao ya kwanza ya dunia, huko Del Mar, California.

Sasa, klabu ikipata kiwanja, ugomvi huanzia hapa: njia itandikwe nini?

Tukumbuke kwanza udogo wa kigari. Gari la kweli limepunguzwa mara 10. Basi kokoto ya sentimeta 2 kwake ni kama jiwe la sentimeta 20 barabarani. Ndiyo maana udongo hauchotwi popote tu ukamwagwa. Lazima uchekechwe.

Udongo wa mfinyanzi unapendwa sana. Akina mama wanaokandika sakafu wanaujua. Ukiwa na unyevu wa kiasi, ukashindiliwa, unakuwa mgumu na tairi zinaushika. Vilima vya kurukia hujengwa kwa udongo huo huo. Tairi zikipita sana huacha mstari mweusi unaong'aa, na dereva anayeufuata hatelezi ovyo.

Lakini udongo unadai maji. Ukikauka hupasuka na kutoa vumbi. Vumbi hutelezesha kigari, tena huingia kwenye beringi. Ukilowa mno, ni tope tu. Wengine hutia chumvi, siyo ya mboga, bali kalsiamu kloridi, ambayo huvuta unyevu wa hewani. Nayo ina ubaya wake: inakula chuma. Wenye fedha huezeka paa. Kwa vyovyote lazima awepo mtu wa kumwagilia na kuziba mashimo, na mtu huyo ndiye adimu kuliko udongo wenyewe.

Uingereza mvua ni nyingi, kwa hiyo klabu nyingi hutandika nyasi za plastiki. Hazina tope, ila bei yake si ndogo. Wakati wa baridi huingia ukumbini na kutandika zulia fupi, gumu. Hulikunjua asubuhi, jioni hulikunja, na mabega ya wanachama yanajua uzito wake. Zulia hushika tairi mno, hata kigari kinaweza kubiringika kwenye kona.

Lami ni ya vigari vya mbio vilivyo chini chini. Wengine huomba uwanja wa kuegeshea magari siku ya mapumziko, wakaunyunyizia maji ya sukari ili tairi zinate. Sukari, ndugu zetu!

Jambo linalosahauliwa ni tairi. Za vumbi zina meno marefu, za udongo mgumu karibu hazina meno, za zulia zina vijino vidogo. Klabu ikibadili njia, kila mwanachama anunue tairi nyingine. Asiye na fedha hukaa pembeni akitazama, na baada ya muda haji tena.