Uajemi: Yaliyotunzwa na Washairi, Yaliyofukuliwa na Sururu

Mkoa wa Fars uko kusini mwa Iran, katikati ya safu za milima ya Zagros. Milima ni mikavu, lakini mabondeni hupandwa ngano, zabibu na michungwa. Jiji kuu la mkoa ni Shiraz. Ukisafiri kama kilomita 60 kuelekea kaskazini-mashariki, unaingia uwanda wa Marvdasht, na hapo chini ya mlima unaliona jukwaa kubwa la mawe lenye nguzo chache zilizobaki wima. Hiyo ndiyo Persepolis.

Mfalme Dario wa Kwanza alianza kuijenga mnamo mwaka 518 KK, enzi ambazo himaya ya Uajemi ilienea kutoka bonde la mto Indus hadi Misri. Ukumbi wake mkuu, Apadana, ulikuwa na nguzo 72. Leo zimesimama 13. Kando ya ngazi zake imechongwa misafara 23 ya wajumbe wanaomletea mfalme tunu. Waelamu wanamvuta simba jike na watoto wake. Wengine wana ngamia, farasi, vitambaa na vyombo vya thamani. Msafara wa mwisho ni wa Waafrika, watu wa Kushi, nao wamebeba pembe ya ndovu. Hakuna aliyefungwa minyororo, na viongozi wa misafara wanashikwa mkono kama wageni. Bila shaka hivyo ndivyo mfalme alivyopenda utawala wake uonekane.

Mwaka 330 KK jeshi la Aleksanda Mkuu liliiteka Persepolis, na majumba yakateketea. Karne zilivyopita, hata majina ya waliojenga yakasahaulika. Watu wa Fars wakayaita magofu yale Kiti cha Enzi cha Jamshid, mfalme wa ngano za kale. Makaburi ya wafalme yaliyochongwa kwenye jabali la jirani wakayahusisha na shujaa Rostam. Kaburi la Koreshi, mwasisi wa himaya, lililoko Pasargadae, likajulikana kuwa la mama yake Nabii Suleiman, na katika karne ya 13 likazungushiwa msikiti uliojengwa kwa mawe ya majumba ya Koreshi mwenyewe.

Jamshid na Rostam waliishi vinywani mwa watu kwa sababu ya ushairi. Ferdowsi, mzaliwa wa Tus huko Khorasan, alimaliza utenzi wake wa Shahnameh mwaka 1010, baada ya kuutumikia kwa zaidi ya miaka 30. Una beti zipatazo 50,000, nao unasimulia wafalme na mashujaa tangu mwanzo wa dunia hadi Waarabu walipoiteka Uajemi katika karne ya 7. Koreshi hamo. Utenzi uliwatunzia Waajemi lugha yao na fahari yao, lakini majina ya wajenzi wa Persepolis yalibaki ndani ya mawe, kwa maandishi ambayo hakuna tena aliyeweza kuyasoma.

Ufunguo ulianza kupatikana mwaka 1802, pale mwalimu Mjerumani, Georg Friedrich Grotefend, alipoyatambua majina ya wafalme katika maandishi ya Persepolis. Baadaye Mwingereza Henry Rawlinson alinakili maandishi ya Dario kwenye jabali la Bisotun, yaliyoandikwa kwa lugha tatu, na usomaji ukasonga mbele.

Ugunduzi wa mwaka 1933 ulileta habari za namna nyingine. Wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Chicago, wakiongozwa na Ernst Herzfeld, walikuta ndani ya ukuta wa ngome ya Persepolis maelfu kwa maelfu ya vibao vya udongo na vipande vyake. Vilikuwa daftari za ghala, za miaka ya 509 hadi 493 KK. Humo imeandikwa posho ya shayiri, unga na mvinyo kwa mafundi, wasafiri na vibarua. Mama aliyejifungua aliongezewa posho, na aliyezaa mtoto wa kiume alipata maradufu ya aliyezaa wa kike. Wako pia wanawake wasimamizi waliolipwa vizuri kuliko wanaume wengi. Hawa hakuna mshairi aliyewaimba. Karani wa ghala ndiye aliyewahifadhi. Vibao vilipelekwa Chicago kwa mkopo, na mwaka 2019 vibao 1,783 vilirudishwa Iran.

Shiraz kwenyewe, ushairi haujawa kitu cha makumbusho. Makaburi ya Saadi, aliyeandika Gulistan mwaka 1258, na ya Hafez, aliyefariki mnamo 1390, hujaa wageni, wengi wao wananchi wa kawaida. Usiku wa Yalda, ulio mrefu kuliko wote katika mwaka, familia hukusanyika kula komamanga na tikiti maji, kisha hufungua diwani ya Hafez popote ili ghazali itakayotokea iwe fali yao.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ina sehemu katika urithi huu. Sherehe ya Mwaka Kogwa huko Makunduchi, Unguja, ina asili moja na Nouruzi, mwaka mpya wa Waajemi.

Hatari inayoikabili Persepolis leo haitokani na moto. Visima vya kilimo vimenyonya maji ya chini ya uwanda wa Marvdasht kwa miaka mingi, ardhi inadidimia, na nyufa zimeonekana karibu na magofu. Ushairi wa Hafez unaweza kupona kichwani mwa msomaji mmoja. Nguzo 13 za Apadana zinahitaji mkulima wa Marvdasht apate njia nyingine ya kumwagilia shamba lake.