Mlima Uliomrudisha Mtu

Anayesimama juu ya vilima vya Masisi, mashariki mwa Kongo, siku ambayo anga limetakata, akaelekeza macho mashariki, huziona volkeno mbili, Nyamulagira na Nyiragongo, na nyuma yake Mikeno, mlima wa mita 4,437 wenye kilele kilichochongoka mithili ya jino. Mlima huo ndio uliomwita Carl Akeley, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa kukausha na kusimamisha wanyama katika jumba la makumbusho la New York, hata ukamrudisha kutoka ng'ambo ya bahari ili afie hapo.

Akeley alifika mara ya kwanza mwaka 1921 kuwinda gorila, na aliporejea kwao akawa mtetezi wao, akashawishi hata Mfalme Albert wa Ubelgiji akaitenga nchi ya gorila hao mwaka 1925 kuwa hifadhi, ile tuiitayo leo Virunga. Lakini mandhari ile haikumtoka moyoni. Mwaka 1926 akarudi pamoja na mkewe Mary, akiwa amefuatana na wachoraji wawili, William Leigh na Arthur Jansson, kwa kuwa aliitakidi kwamba nyuma ya gorila wa makumbusho sharti ionekane nchi yao wenyewe, wala si mlima wa kubuni. Tarehe 17 Novemba akafariki Kabara, kati ya Mikeno na Karisimbi, akazikwa papo hapo. Na Leigh, mzee wa miaka 60, akaendelea kuchora.

Kuchora uwandani si starehe kama wadhaniavyo wengi. Kabara iko juu ya mita 3,000, na ukungu hupanda ghafula ukaufuta mlima mzima ilhali burashi ingali na rangi yake. Jua likichomoza tena, kivuli kimekwisha hama. Kwa hiyo aghalabu mchoraji hufanya vipande vidogo vidogo: hiki cha mawingu, hiki cha rangi ya buluu inayouvaa mlima wa mbali, hiki cha ndevu za kijivu zinazoning'inia katika matawi ya miti ya mihagenia. (Na kazi hiyo yote ingekuwa dhiki tupu lau si kibomba cha bati cha kuhifadhia rangi ya mafuta, alichokibuni mchoraji John Rand mwaka 1841.) Baadaye, huko New York, Leigh aliviunganisha vipande hivyo juu ya ukuta uliopinda, usio na pembe, ambapo mstari ulionyooka hulazimu upindishwe kwa hesabu ili jicho la mtazamaji lidanganyike na kuuona umenyooka. Ukumbi huo wa makumbusho ukafunguliwa mwaka 1936.

Volkeno zilizochorwa pale ndizo zile zile zinazoonekana kutoka Masisi. Upande huu wa Masisi iko Rubaya, penye malisho ya ng'ombe wanaotoa maziwa ya jibini mashuhuri, na penye machimbo ya koltani yaliyoupasua mteremko baada ya mteremko, katika mji ulioangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwaka 2024. Mchoraji atakayeitwa na vilima hivyo, amani ikimruhusu kuketi na turubai lake, atashawishika kugeukia majani mabichi. Nami kwa rai yangu, akiuacha nje ule udongo mwekundu uliofukuliwa, atakuwa amechora picha ya kalenda, si Rubaya.