Kabla ya Kuuliza Uzito: Namna ya Kupima Magurudumu ya Baiskeli ya Barabarani

Spoku ya baiskeli ni waya mwembamba wa chuma, kwa kawaida wenye unene wa milimita 2. Ukiishika ncha zote mbili na kuisukuma, inapinda papo hapo. Hata hivyo, waya kama huo thelathini hivi humbeba mtu wa kilo 90 anayeteremka mlima kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa. Kinachowezesha hilo ni mvuto. Fundi anaposuka gurudumu, huzikaza spoku zote mpaka kila moja inaivuta ringi kuelekea kwenye habu. Upande wa kulia wa gurudumu la nyuma, spoku moja huweza kuvutwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 100 hadi 120. Unapoketi juu ya baiskeli, spoku chache za chini, zile zinazoelekea mahali tairi linapogusa lami, hulegea kidogo, na kulegea huko ndiko kunakobeba uzito wako. Mhandisi wa Marekani Jobst Brandt alilieleza jambo hili kwa hesabu katika kitabu chake cha mwaka 1981, The Bicycle Wheel.

Ninaanzia hapa kwa sababu wanunuzi wengi huanzia kwenye mizani. Huuliza gurudumu lina gramu ngapi, ringi ni ya kaboni au alumini, kisha wanalipa. Jambo linaloamua kama gurudumu litadumu miaka au litaanza kukata spoku baada ya miezi michache halionekani kwenye mizani hata kidogo. Ni mvuto wa spoku: uwe wa kutosha, na uwe sawa.

Fikiria safari ya kilomita 100. Gurudumu lenye tairi la milimita 28 huzunguka mara 47,000 hivi katika umbali huo, na kila mzunguko kila spoku hulegea mara moja na kurudi. Ikiwa imekazwa vizuri, hulegea kidogo tu na haifiki hatua ya kukosa mvuto kabisa. Ikiwa imekazwa kwa nguvu ndogo, hulegea mpaka inacheza ndani ya tundu la habu, inarudi, inacheza tena, na chuma kinachoka. Ndiyo maana spoku hukatika zaidi kwenye kona yake, pale inapoingia kwenye habu, na mara nyingi katika gurudumu la nyuma. Wengi hudhani imekatika kwa kukazwa mno, kumbe ni kwa kulegea. Fundi anayebadilisha ile moja iliyokatika bila kugusa nyingine amekupa nafuu ya wiki chache tu, maana wenzake wamechoka vilevile.

Basi, unapotaka kununua magurudumu, mapya au yaliyokwisha kutumika, anza kwa kidole na sikio. Ziguse spoku za upande mmoja, moja baada ya nyingine, kwa ukucha, kama mtu anayejaribu nyuzi za gambusi. Zote za upande huo zinapaswa kutoa sauti inayokaribiana. Ukisikia moja inalia juu sana na jirani yake inatoa sauti ya kufa, jihadhari. Huenda ringi iliwahi kupinda kwenye shimo, na mtu akainyoosha kwa kukaza spoku moja kupita kiasi na kulegeza nyingine. Gurudumu hilo litazunguka limenyooka mbele ya macho yako dukani, lakini halitabaki hivyo. Kunyooka kwa ringi ni jambo la kutazama, ila kusikukoshe usingizi: ikiyumba chini ya nusu milimita kwenye pedi za breki, inatosha. Kutolingana kwa spoku ndiko kunakopaswa kukurudisha nyumbani na fedha zako mfukoni.

Usilinganishe sauti za kulia na za kushoto. Gurudumu la nyuma limesukwa kwa upendeleo wa lazima: kaseti ya gia inachukua nafasi upande wa kulia, kwa hiyo spoku za huko husimama wima zaidi na huvutwa kwa nguvu zaidi. Zile za kushoto zinaweza kuwa na nusu tu ya mvuto huo, na hazina kosa. Katika gurudumu la mbele lenye breki ya diski hali hiyo hugeuka, kwani upande wa diski, yaani kushoto, ndio unaokazwa zaidi.

Kwa ringi za breki za pedi kuna uchunguzi mwingine usioruhusu mzaha. Pedi hula alumini kidogo kidogo, na mchanga na matope ya msimu wa mvua hufanya kazi hiyo haraka zaidi. Ringi nyingi zina kitundu au mfereji mwembamba kwenye sehemu inayoguswa na pedi. Alama hiyo ikifutika, ringi imekwisha. Kama haina alama, weka rula juu ya ukuta wake. Ukiona ukuta umebonyea katikati kama bakuli, iache. Ndani ya tairi kuna hewa inayosukuma kuta hizo nje muda wote, na siku ukuta uliokonda ukipasuka, tairi hutoka palepale, pengine ukiwa mteremkoni. Ringi za kaboni za breki za pedi zina hatari yake: joto la kushika breki kwa muda mrefu huweza kuzilainisha na kuzipasua. Kwa mtu anayeteremka milima ya Usambara au barabara za Kigali, kaboni iende na diski.

Sasa uzito. Chukua magurudumu mawili mapya yaliyo mepesi kuliko ya zamani kwa gramu 400 kwa pamoja. Kama wewe na baiskeli mna kilo 80, umepunguza asilimia 0.5. Katika mpando wa saa nzima utaokoa sekunde zisizozidi 20. Ni kweli kwamba uzito wa ringi huhesabika karibu mara mbili pale unapoongeza kasi, kwa kuwa ringi husonga mbele na kuzunguka kwa wakati mmoja, lakini mara mbili ya kitu kidogo bado ni kidogo. Kwa mshindani wa kulipwa sekunde 20 ni ushindi. Kwa anayefanya mazoezi asubuhi kabla ya kazi, fedha hiyo ingefanya kazi kubwa zaidi kwenye tairi bora.

Upepo una uzito zaidi katika hesabu, maana ukiongeza kasi maradufu, nguvu unayohitaji kuushinda huongezeka mara nane. Ringi zenye kimo cha milimita 40 au 50 husaidia, ila sehemu kubwa ya upepo huupiga mwili wako. Ringi ndefu pia hushikwa na upepo wa ubavuni, na mwendeshaji mwepesi huusikia kwenye usukani lori linapompita.

Kipimo kinachowaponza wengi ni ukubwa. Baiskeli za kubebea mizigo za aina ya Phoenix hutumia tairi liitwalo inchi 28, na tairi za baiskeli za barabarani nazo huitwa 28 na baadhi ya watengenezaji. Hazilingani. Soma namba za milimita ubavuni mwa tairi: baiskeli ya kisasa ya barabarani ni 622, ya mizigo ni 635, na baiskeli za zamani za mashindano, zile za inchi 27, ni 630. Ukitaka kumwekea mzee wa 630 magurudumu ya 622, inawezekana, lakini pedi za breki lazima zishuke milimita 4. Hakikisha breki zako zinafika kabla hujalipa.

Halafu kuna ringi mpya zisizo na ndoano, ambazo ukuta wake wa ndani ni laini bila ukingo wa kushikia tairi. Mwisho wa upepo wake ni bar 5, yaani psi 72 hivi, na zinahitaji tairi lililoidhinishwa kwa ajili yake. Februari 2024, katika mashindano ya UAE Tour, Mbelgiji Thomas De Gendt alianguka na tairi lake la mbele likatoka kwenye ringi ya aina hiyo. Mjadala wa usalama ukawaka kwa waendeshaji wa kulipwa wenyewe. Barabarani kwetu, ambako mazoea ni kujaza upepo mpaka tairi liwe gumu kama jiwe, psi 100 na zaidi, sizipendekezi.

Mwisho, fikiria siku kitu kitakapoharibika. Spoku za mviringo zenye kona ya kawaida hupatikana au huchongwa kwa urefu unaotakiwa. Zile bapa za kampuni moja tu zitakungojesha wiki kadhaa. Habu ya gololi na koni hufunguliwa na fundi yeyote, husafishwa na kutiwa grisi. Wakazi wa pwani wachague nipeli za shaba nyeupe, zile nati ndogo zinazofunga spoku kwenye ringi, kwa sababu za alumini huliwa na chumvi ya bahari mpaka zinagoma kuzunguka.

Kwa mwendeshaji wa kilo 70 hadi 85 kwenye barabara zetu, ushauri wangu ni ringi ya alumini yenye upana wa ndani wa milimita 19 hadi 21, spoku 28 mbele na 32 nyuma, na tairi la milimita 28. Ukishayaendesha kilomita mia chache, yarudishe kwa fundi azipime spoku na kuzilinganisha tena. Mlipe vizuri kwa kazi hiyo.