Samaki Aliyedhaniwa Amekwisha Duniani

Sisi watu wa Ndama, na wa Karagwe na Kyerwa kwa jumla, bahari hatunayo. Samaki tunaowajua ni wa Ziwa Victoria na wa maziwa yetu madogo: sangara, sato, dagaa na kambale. Hata hivyo nchi yetu ina pwani ndefu, na chini sana ya maji ya pwani hiyo, mahali penye giza, anakaa kiumbe mmoja wa ajabu. Jina lake ni silikanti. Wasomaji wapenzi, leo tutasimulia habari zake, maana zina mafunzo hata kwa nyumba iliyo mbali na bahari.

SIKU TATU KABLA YA NOELI

Tarehe 22 Desemba 1938 meli moja ya uvuvi ilifika katika bandari ya East London, Afrika ya Kusini. Nahodha wake, Bwana Hendrik Goosen, alikuwa na desturi ya kumwita Bibi Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa nyumba ya makumbusho ya mji ule, aje atazame kama nyavu zimeleta kitu kigeni. Siku ile Bibi alikuwa na kazi nyingi, akataka asiende. Lakini akaona si vema kuwaacha mabaharia bila kuwatakia Noeli njema. Basi akaenda.

Chini ya lundo la samaki akaona pezi la rangi ya buluu. Akafukua, akamkuta samaki mwenye urefu wa mita moja na nusu, mwenye magamba magumu, na mapezi yaliyotokeza mwilini kama miguu mifupi. Hajapata kuona wa namna ile. Akampakia katika teksi, huku dereva akinung'unika kwa ajili ya harufu. Halafu akachora picha yake na kuipeleka kwa barua kwa Bwana J. L. B. Smith, mwalimu wa chuo aliyekuwa bingwa wa elimu ya samaki.

Bwana Smith alipoitazama picha ile hakuyaamini macho yake. Samaki wa jamii hiyo walijulikana kwa mifupa iliyogeuka mawe tu, nao wenye elimu wote walishika kwamba jamii nzima ilikwisha miaka milioni 66 iliyopita. Ilikuwa kama mtu kukutana njiani na babu wa babu yake, anatembea na fimbo yake! Mwaka 1939 Bwana Smith alimpa samaki huyo jina la Latimeria, kwa heshima ya yule Bibi.

Ikapita miaka 14 ya kumtafuta wa pili. Bwana Smith alieneza matangazo yenye picha, akaahidi zawadi ya pauni 100. Desemba 1952 mvuvi mmoja wa kisiwa cha Anjouan, katika visiwa vya Komoro, akamvua. Kumbe wavuvi wa huko walikuwa wakimjua siku nyingi! Walimwita gombesa, wala hawakumthamini, kwa kuwa nyama yake ina mafuta mabaya na humwendesha mtu tumbo. Mabingwa walikuwa wakihangaika kumtafuta, na mvuvi wa kawaida alikuwa na habari zake zote.

KIUMBE WA NAMNA GANI?

Silikanti aliyekomaa aweza kufikia urefu wa karibu mita 2 na uzito wa kilo 90. Rangi yake ni ya buluu yenye mabaka meupe. Mahali pa uti wa mgongo ana kitu kama bomba lenye majimaji ya mafuta. Katika pua ana kiungo cha kuhisi umeme mdogo utokao katika miili ya samaki wengine, na hivyo huweza kuwawinda gizani. Anapoogelea huchezesha mapezi yake kwa zamu, la kulia la mbele pamoja na la kushoto la nyuma, kama ng'ombe anavyopiga hatua.

Mchana hupumzika katika mapango ya miamba, mita 100 na zaidi chini ya maji. Kumbukeni kwamba Ziwa Victoria, pamoja na ukubwa wake wote, mahali penye kina kirefu kabisa ni mita 80 hivi tu. Usiku hutoka polepole kutafuta chakula.

Tena hatagi mayai kama samaki wengi. Huzaa watoto wazima. Na hapa ndipo penye jambo kubwa. Mwaka 2021 wachunguzi wa Ufaransa walihesabu mistari katika magamba yake, kama mtu ahesabuvyo duara za mti uliokatwa. Wakaona kwamba silikanti aweza kuishi miaka 100 hivi, kwamba hukaa karibu miaka 55 kabla ya kuanza kuzaa, na kwamba mimba yake huchukua miaka 5 hivi. Ng'ombe wetu hubeba mimba miezi tisa, na mtamba huzaa akiwa bado kijana. Mwanamke wa kijijini huwa amekwisha kuwa bibi mwenye wajukuu kabla silikanti wa umri wake hajazaa hata mara moja. Basi, mkiwaua wakubwa wachache tu, ni nani atakayejaza nafasi yao?

HABARI ZA KILWA NA TANGA

Septemba 2003 silikanti wa kwanza wa Tanzania alinaswa karibu na Songo Mnara, upande wa Kilwa. Mwaka uliofuata wakaanza kunaswa Tanga, na katika miaka michache makumi yao wakatolewa majini, maiti.

Kwa nini ghafula namna hiyo? Samaki wa karibu na pwani walikuwa wamepungua. Watu walikuwa wengi, na wengine walivua kwa baruti, ambayo huua wakubwa na wadogo pamoja, na kuvunjavunja matumbawe ambamo samaki huzalia. Basi wavuvi wakapeleka nyavu kubwa za papa, ziitwazo jarife, mbali zaidi na chini zaidi. Silikanti akitoka pangoni usiku hujikuta wavuni. Hakuna aliyemtaka, wala hauziki vizuri. Hufa bure tu.

Tusiharakishe kumlaumu mvuvi. Naye ana watoto wanaongoja chakula na karo ya shule, kama sisi tunavyongojea mavuno ya kahawa. Lakini aliyepiga baruti jana ndiye aliyemfukuza jirani yake kwenda kwenye kina kirefu leo. Kosa la mmoja hulipwa na wengi, hata na kiumbe asiyejua habari za wanadamu.

Mwaka 2009 Serikali ilianzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, inayofuata pwani kwa kilometa 100 hivi, toka karibu na mlango wa Mto Pangani mpaka kupita mji wa Tanga. Ni jambo la kushukuru. Hata hivyo hatari hazikuisha. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilometa 1,443, linaingia Tanzania kwa mkoa wetu wa Kagera na kuishia Chongoleani, Tanga, ambako meli zitapakia mafuta. Kazi hiyo ina faida yake, lakini mafuta yakimwagika baharini hayaulizi hifadhi inaanzia wapi. Basi wenye kazi hiyo wana deni la kuangalia sana.

SISI TUNAHUSIKAJE?

Labda mtu atasema, "Hayo ni ya watu wa pwani." La! Sisi tunalo kovu letu wenyewe. Ziwa Victoria lilikuwa na furu, samaki wadogo wa aina kama 500, wengi wao hawapatikani mahali pengine popote. Katika miaka ya 1950 na 1960 watu walitia sangara ziwani, wakitumaini kupata nyama nyingi. Nyama ilipatikana kweli, na fedha pia. Lakini sangara aliwala furu, na uvuvi mbaya na uchafu vikaongeza madhara. Kufika mwisho wa miaka ya 1980 inakisiwa aina 200 hivi zilikuwa zimetoweka. Wazee waliowala wakiwa watoto hawawezi kuwaonyesha wajukuu wao.

Nao uchafu una miguu mirefu. Mfuko wa plastiki umepata kuonekana katika Bahari ya Pasifiki, karibu mita 11,000 chini. Takataka tunazotupa bondeni huchukuliwa na mvua mpaka Mto Kagera, ziwani, na kutoka huko Mto Naili mpaka bahari ya Mediteranea.

Kitabu cha Mwanzo chatufundisha kwamba Mungu aliwaumba viumbe wa majini, akaona kuwa ni vema, kabla hajamwumba mtu. Halafu akamweka mtu katika bustani ailime na kuitunza. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alitukumbusha kwamba viumbe vina thamani mbele ya Mungu, si kwa sababu ya faida yetu tu. Silikanti hana faida sokoni. Ameishi gizani bila kuonwa na wakuu wa dunia, lakini Mungu alimwona.

Basi, enyi wazazi, wasimulieni watoto habari hizi jioni mkiisha kusali rozari. Msinunue samaki wachanga waliovuliwa kwa kokoro, hata wakiwa rahisi. Msitupe plastiki mtoni. Na mtoto akiuliza, "Baba, samaki huyo ana kazi gani?" mjibuni kwamba Mungu ndiye aliyemwumba, nasi tumeamriwa kumtunza.