Platini na Utambuzi wa Maandishi ya Vinasaba

Mtu akitumwa Mbulu na Hanang kutafuta mahali paanzapo kwa silabi "ha", atafika Hanang, atafika na Haydom, wala hatajua alitumwa wapi. Akipewa jina zima hapotei. Mfano huu waeleza upungufu wa dawa za platini zitibuzo saratani, na jitihada za wanakemia za kuuondoa.

Mwaka 1965, Barnett Rosenberg wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, alieleza jinsi bakteria walivyorefuka bila kugawanyika umeme ulipopitishwa kwa vipande vya platini. Ndipo ikapatikana sisplatini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1978. Ndani ya seli platini huachana na klorini, ikashikamana na vinasaba, yaani DNA, hasa penye herufi mbili za G zifuatanazo. Uzi hupindika, seli hushindwa kunakili maandishi yake, ikafa.

Maandishi hayo yana herufi nne tu: A, C, G na T. Basi neno la herufi mbili ni moja kati ya 16, nalo huonekana kila mahali, katika seli gonjwa na nzima. Kwa kuwa dawa haichagui, mgonjwa hutapika, na figo na masikio yaweza kudhurika.

Ili dawa ipate kuchagua, wanakemia wameiunganisha platini na poliamidi, mnyororo wa pete za piroli na imidazoli utambuao jozi za herufi kwa mpangilio wa pete hizo. Neno la herufi 6 ni moja kati ya 4,096. La herufi 16 ni moja kati ya bilioni 4 na zaidi, ilhali maandishi ya binadamu yana herufi kama bilioni 3. Lakini mnyororo ukirefuka hupenya seli kwa shida. Tena seli nzima zina karibu maandishi yale yale. Hapana budi kuchagua neno ambalo saratani hulitegemea zaidi.

Kwa hiyo vitenzi viwili visichanganywe: sisplatini hushika, poliamidi hutambua. Tofauti hii si ya wanakemia peke yao. Katika wilaya hizi, ambako wasemao Kiiraqw, Kidatooga na Kihadza hukutana hospitalini kwa Kiswahili, mgonjwa aambiwaye kwamba sisplatini "huitambua saratani" aweza kupuuza maji mengi apewayo ili kuzilinda figo zake.